Kampuni ya magari inaahidi nini na inaomba nini: ikague kwa karatasi moja

Mpwa wangu amechaguliwa kwenye kamati ya uwekezaji ya mfuko wa pensheni. Wiki ya kwanza tu akatumiwa ripoti ya mazingira ya kampuni moja ya magari, kurasa 140, jalada lina picha ya jani lenye umande. Akanipigia simu. "Mjomba, hawa wanasema kweli?"

Nilikuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 22 kabla sijastaafu, na swali hilo nimelisikia mara nyingi, ingawa siku zile lilihusu mafuta ya gari la mkurugenzi. Jibu langu ni lile lile. Ripoti isubiri, anza na stakabadhi.

Njia niliyomwonyesha ndiyo hii. Inataka karatasi moja, intaneti, na jioni mbili au tatu kwa kila kampuni. Chora safu nne: kinachotakiwa, walichoahidi, wanachotengeneza, na wanachoiomba serikali. Hiyo ya nne watu wengi huiruka. Mimi nitakaa nayo kuliko zote.

Kinachotakiwa

Ukianza bila kipimo, kila kampuni itaonekana inajitahidi. Itakuambia imepunguza hewa ukaa kwa asilimia 30, nawe utapiga makofi kabla hujauliza ni hewa ukaa ya wapi na imepungua tangu mwaka gani. Kwa hiyo safu ya kwanza ijazwe na mtu asiyeuza magari.

Mkataba wa Paris wa 2015 unataka ongezeko la joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na juhudi zifanywe lisivuke nyuzi 1.5. Ukimpelekea meneja wa kiwanda sentensi hiyo, hataweza kuitumia. Waliomtafsiria ni Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo Mei 2021 lilichapisha njia ya kufikia sifuri ya hewa ukaa ifikapo 2050. Humo chukua namba mbili: mwaka 2030, takriban asilimia 60 ya magari mapya yanayouzwa duniani yawe ya umeme; na baada ya 2035 lisiuzwe tena gari jipya dogo la kuchoma mafuta. Ziandike juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu.

Kwa nini 2035 wakati mwisho wa safari ni 2050? Kwa sababu gari halifi siku linapouzwa. Litatembea miaka 15 au zaidi, mara nyingi mikononi mwa mtu wa pili na wa tatu. Lililouzwa 2036 litakuwa bado linatoa moshi 2050.

Kabla hujaendelea, piga hesabu ndogo ujue uzito wa jambo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 200,000 maishani mwake, litatoa tani 32 hivi kwenye ekzosi peke yake. Kampuni inayouza magari milioni 5 ya namna hiyo kwa mwaka imetuma barabarani tani milioni 160 ambazo zitatoka polepole. Sasa ukikutana na ukurasa mzima wa picha za paneli za sola juu ya paa la kiwanda, utajua uupe muda gani. Paneli ni nzuri, lakini deni halipo pale. Kwa kampuni ya magari, sehemu kubwa kabisa ya hewa ukaa hutoka baada ya mteja kuondoka na funguo.

(Gari la umeme nalo lina mzigo wake. Betri hutengenezwa kwa nishati nyingi, na umeme wa makaa ya mawe si safi. Hilo linapunguza faida, haliifuti, na halibadilishi tarehe ulizoandika kwa wino mwekundu.)

Walichoahidi

Tunasema ahadi ni deni. Sasa iandike kama deni: kiasi gani, la lini, na lina masharti gani. Ukishindwa kujaza kimoja kati ya hivyo vitatu, hiyo si ahadi, ni salamu.

Soma vitenzi. Januari 2021 General Motors ilitangaza kwamba inatamani kuondoa moshi wa ekzosi kwenye magari yake mapya madogo ifikapo 2035. Magazeti yaliandika kwamba itaacha petroli. Neno lililotumika, hata hivyo, lilikuwa la kutamani. Mwaka huo huo Mercedes-Benz ilisema itakuwa tayari kuuza magari ya umeme tupu mwishoni mwa muongo, pale hali ya soko itakaporuhusu. Kipande hicho cha mwisho ndicho mkataba wote. Februari 2024 soko likaonekana halijaruhusu, na lengo likashuka hadi kufikia nusu ya mauzo katika nusu ya pili ya muongo, tena haibridi za kuchaji, yaani magari yenye injini ya mafuta pamoja na betri inayochajiwa kwa waya, zikiwa zimehesabiwa humo.

Hapo kwenye haibridi ndipo mimi mwenyewe niliteleza. Kwa Kiingereza wana neno moja la gari linalokwenda kwa umeme tupu, na jingine linalofanana nalo sana la gari lililotiwa umeme, yaani lolote lenye mota ya umeme mahali fulani, hata kama linanywa petroli kila siku. Kwa Kiswahili yote mawili tunayaita "magari ya umeme" na tunaendelea na safari. Kampuni ya kwanza niliyoikagua nikaipa asilimia 70. Mpwa wangu ndiye aliyesoma maandishi madogo chini ya jedwali: umeme tupu ulikuwa chini ya asilimia 10, mengine yote haibridi. Nilikaa kimya kidogo. Miaka 22 ya ukaguzi.

Kwa hiyo igawe safu ya pili mara tatu: umeme tupu, haibridi ya kuchaji kwa waya, na haibridi ya kawaida. Usiruhusu zichanganywe. Haibridi ya kuchaji ina tatizo lake: kwenye vipimo inaonekana safi kwa sababu inadhaniwa mwenye gari atachaji kila mara. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kwenye kompyuta za magari yenyewe, na zikaonyesha magari hayo barabarani hutoa hewa ukaa mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Ugawaji huu hausamehi hata kampuni zinazosifiwa. BYD iliacha kutengeneza magari ya petroli tupu Machi 2022, na wengi wanaamini inauza umeme tu. Mwaka 2024 iliuza magari yapatayo milioni 4.27, ya umeme tupu yalikuwa milioni 1.76. Mengi ya yaliyobaki ni haibridi za kuchaji.

Jambo jingine: hifadhi nakala. Ripoti ya mwaka jana ndiyo shahidi wako, na kampuni haina haja ya kukukumbusha ilichosema ndani yake. Volvo mwaka 2021 ilisema kufikia 2030 itauza umeme tupu. Septemba 2024 ikabadilisha: asilimia 90 hadi 100 ya mauzo yatakuwa umeme tupu au haibridi za kuchaji kwa pamoja. Angalau wao walitangaza wazi. Kuna malengo mengine ambayo hufa bila tanzia. Unafungua ripoti mpya na ukurasa ule haupo. Mimi hutumia hifadhi ya Internet Archive, napachika anwani ya ukurasa wa kampuni na kuangalia ulivyosomeka miaka mitatu nyuma. Kazi ya dakika tano, na imenipa hoja za ukaguzi nyingi kuliko kurasa zote 140.

Wanachotengeneza

Safu hii ni fupi. Kuna kampuni za takwimu zinazouza makadirio ya kila kiwanda kitatengeneza nini miaka saba au minane ijayo. Yana bei kali, lakini mambo mengi unaweza kuyapata bure. Chukua mauzo ya mwaka uliopita, gawanya umeme tupu kwa jumla, kisha uliza mstari huo utafikaje kwenye lengo.

Tuchukue Toyota, kwa kuwa namba zake ziko wazi. Desemba 2021 Akio Toyoda, rais wa kampuni wakati huo, alisimama mbele ya safu ya magari ya maonyesho na kusema kampuni inalenga kuuza magari milioni 3.5 ya umeme tupu kwa mwaka ifikapo 2030. Toyota na Lexus huuza takriban milioni 10 kwa mwaka. Kwa hiyo hata lengo lenyewe, likitimia lote, ni kama theluthi moja, na juu ya karatasi yako pameandikwa asilimia 60. Hiyo ni hoja ya kwanza. Ya pili: mwaka 2024 magari ya umeme tupu waliyouza hayakufika 150,000. Hiyo ni chini ya asilimia 2. Mwaka huo huo, duniani kote, zaidi ya gari moja kati ya kila matano mapya lilikuwa la kuchomeka kwenye umeme.

Toyota ina utetezi wake, na mkaguzi mzuri huusikiliza. Wanasema madini ya betri ni haba: madini yanayotosha gari moja la umeme tupu yanaweza kutengeneza haibridi za kuchaji 6, au haibridi za kawaida 90, na haibridi 90 kwa jumla hupunguza moshi mwingi zaidi. Kama madini yangekuwa yamefungiwa ghalani na hayaongezeki, ningekubali. Lakini rudi kwenye wino mwekundu. Haibridi 90 zilizouzwa 2035 ni matangi 90 ya petroli yanayotembea 2050. Hoja hiyo inajibu namna ya kupunguza mwaka huu. Swali la karatasi yetu ni namna ya kufika sifuri. Andika utetezi pembeni, usiufute, kisha endelea.

Wanachoiomba serikali

Sasa tumefika. Panya huuma na kupuliza, na safu hii inahusu kuuma. Kupuliza umeshakuona kwenye jalada.

Kwa nini ushawishi una uzito kuliko hata magari ya kampuni yenyewe? Kwa sababu kampuni moja ikichelewesha kiwanda chake imechelewesha mauzo yake tu. Ikifanikiwa kulegeza sheria ya nchi au ya bara zima, imewachelewesha na washindani wake, hata wale waliokuwa tayari. Barua ya kurasa 12 kwa wizara inaweza kuwa na hewa ukaa nyingi kuliko kiwanda kizima.

Stakabadhi ziko hadharani kuliko unavyodhani. Marekani sheria inawataka washawishi wajaze fomu kila robo mwaka: nani amelipwa, kiasi gani, juu ya muswada gani. Umoja wa Ulaya una daftari lake la uwazi. Na kila serikali inapopendekeza kanuni za moshi, hukaribisha maoni ya maandishi. Barua za kampuni huwekwa pale pale na yeyote anaweza kuzisoma. Hizo barua ndizo ninazozipenda. Tangazo la televisheni limeandikwa kwa ajili yako. Barua imeandikwa kwa ajili ya waziri, na mwandishi wake hakutarajia ungeifungua.

Zina lahaja yake, utaizoea. "Teknolojia zote zipewe nafasi sawa" maana yake kwa kawaida ni injini ya petroli ibaki. "Kasi inayoendana na soko" maana yake ni tarehe isogezwe mbele. "Uhuru wa mnunuzi" hutokea pale kampuni inapokuwa na magari makubwa ya faida kubwa ya kuuza. "Unyumbufu" ni kuhesabiwa zaidi ya ulichofanya, kwa mfano gari moja la umeme kuandikwa kama mawili kwenye hesabu ya wastani. Nilimwambia mpwa wangu apige mstari chini ya kila "tunaunga mkono lengo hili, lakini", halafu asome kuanzia baada ya "lakini". Akaniambia barua moja ilikuwa nazo saba.

Kisha weka tarehe. Hapo ndipo safu ya pili na ya nne zinapoanza kuzungumza. Oktoba 2019 General Motors (GM), Toyota na Fiat Chrysler zilijiunga mahakamani upande wa serikali ya Trump, iliyotaka kuinyima California haki ya kujiwekea kanuni zake za moshi. Miezi mitatu kabla, Julai, kampuni za Ford, Honda, Volkswagen na BMW zilikuwa zimefanya mapatano na California. Sekta moja, sheria moja, njia mbili. Kwa hiyo anayekuambia kwamba hakuna kampuni ingeweza kufanya vinginevyo, mwonyeshe tarehe hizo. Novemba 2020, wiki chache baada ya Biden kushinda uchaguzi, GM ikajitoa kwenye kesi. Toyota ikafuata Februari 2021. Ule mwaka wa 2035 ambao GM iliutamani ulitangazwa katikati ya matukio hayo mawili, Januari. Sisemi tangazo lilikuwa la uongo. Nasema upepo ulibadilika na tanga likageuzwa, na anayetaka kujua tanga litageukia wapi kesho atazame upepo.

Ukageuka tena. Mei 2025 Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura kufuta kibali kilichoiruhusu California kutaka magari yote mapya yawe yasiyotoa moshi ifikapo 2035, na Juni Trump akatia saini. Aliyesimama mbele kudai kibali kifutwe alikuwa chama cha watengenezaji, Alliance for Automotive Innovation. GM ni mwanachama. Toyota pia, na Ford, na Volkswagen.

Ndiyo maana safu ya nne lazima iwe na mistari miwili: kampuni yenyewe, na vyama vyake. Kampuni inayojali jina lake hupuliza kwa mdomo wake na kuuma kwa mdomo wa chama. Ulaya chama ni ACEA, Ujerumani VDA, Japani JAMA, Uingereza SMMT, Australia FCAI. Tafuta nani anakaa kwenye bodi yake. Mara nyingi utakuta mkurugenzi mkuu wa kampuni yako amewahi kuwa mwenyekiti. Kanuni yangu ni rahisi na ni kali: kampuni isiyosema hadharani kwamba inapingana na msimamo wa chama chake, nauandika msimamo huo kuwa ni wake. Kupingana kunawezekana. Volvo ilitangaza 2022 kwamba inatoka ACEA. Machi 2024, Australia ilipokuwa inajadili kanuni yake ya kwanza ya hewa ukaa kwa magari mapya, kampuni za Tesla na Polestar ziliondoka FCAI kwa sababu ya jinsi chama kilivyokuwa kikiipiga vita. Kanuni ilipita miezi miwili baadaye.

Kwa Ulaya fuatilia sheria moja tu toka mwanzo hadi leo na utajifunza kila kitu. Machi 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kuanzia 2035 magari mapya yapunguze hewa ukaa kwa asilimia 100. Hata kabla ya wino kukauka, Ujerumani ilikuwa imeshaizuia kura dakika za mwisho hadi ikaahidiwa nafasi kwa mafuta yanayotengenezwa kiwandani badala ya kuchimbwa. Mwaka 2025 kampuni zikapewa ruhusa ya kuhesabu wastani wa miaka mitatu badala ya kila mwaka. Desemba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza asilimia 100 iwe 90. Tafuta kampuni yako iliandika nini katika kila hatua. Asilimia 10 ni ndogo ukiitazama peke yake. Ipigie hesabu ya tani 32.

Tahadhari moja hapa, usije ukageuka mshabiki. Tesla hupata alama nzuri za ushawishi kwa kudai kanuni kali, lakini kanuni kali humlipa: mwaka 2024 iliingiza takriban dola bilioni 2.8 kwa kuuza hati za moshi kwa wenzake walioshindwa kufikia viwango. Sitafuti malaika. Natafuta kama kinachoombwa kinalingana na wino mwekundu, na anayekiomba kwa faida yake bado amekiomba.

Ukimaliza, na si kabla, linganisha na kazi ya InfluenceMap, taasisi ya London inayosoma barua hizi kwa mamia na kuzipa kampuni herufi kuanzia A+ hadi F. Ukianza na herufi zao utaona walichokiona wao tu. Ukianza na karatasi yako, tofauti kati yenu ndiyo mahali pa kurudi kusoma tena.

Kuipeleka mezani

Karatasi ya mpwa wangu ilijaa mbele na nyuma. Alitaka kuisoma yote kwenye mkutano na wawakilishi wa kampuni. Nikamzuia, mkaguzi akiuliza maswali 20 hujibiwa lile rahisi. Wanahisa wamewahi kulipeleka jambo hili hadi kwenye kura. Juni 2023 wawekezaji wa Ulaya walitaka Toyota itoe ripoti kamili ya ushawishi wake kila mwaka, bodi ikapinga, na azimio likapata takriban asilimia 15. Ni wachache, ila wachache hao walisababisha swali liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

Yeye aliuliza moja tu: "Ni lini mara ya mwisho mlikiandikia chama chenu kwamba hamkubaliani na msimamo wake juu ya 2035? Tunaomba tarehe na nakala ya barua."

Walisema watalifanyia kazi na kurudi kwetu. Kwenye karatasi, safu ya nne, mstari wa pili, ameandika tarehe ya mkutano na kuacha kisanduku wazi. Amenitumia picha. Wiki ya sita sasa, na kisanduku bado kiko wazi.